Mzima kwa Karatasi

4 Februari

Shemeji Ndoano,

Salamu utazikuta chini kabisa, kama wino utabaki. Naanza na habari, maana imenikaa kooni tangu Ijumaa: wamenirudisha! Chama cha raga kimeniomba niwe kocha wa safu ya mbele ya timu ya taifa. Mimi huyu, ambaye tangu tustaafu napanga vigae kwenye bohari ya duka na kuulizwa na wateja kama ni kweli niliwahi kuonekana kwenye televisheni. Kambi inaanza katikati ya Aprili.

Usishangae kupata barua ya mkono. Simu yangu imekufa na fundi ananizungusha, leo kesho, leo kesho. Halafu nimegundua napenda kalamu. Hainiharakishi.

Katibu wa chama alikuja dukani mwenyewe. Alinikuta juu ya ngazi, nikadhani anatafuta vigae vya bafuni, nikamwuliza vinavyoteleza au visivyoteleza. Akacheka, akasema, "Nguzo, hatuna mtu anayejua kusukuma. Vijana wana vifua vya kupigia picha, lakini wakishikana mabega na wapinzani wakaanza kusukumana, wanarudi nyuma kama mlango mbovu." Nilishuka ile ngazi polepole. Si kwa madaha, ni shingo. Siku hizi nikitaka kugeuka nageuka mzimamzima, kama kabati.

Basi nikapelekwa kupimwa, kwa sababu sasa hivi hata wa benchi wanapimwa. Na nikamkuta nani? Yuleyule daktari wetu wa timu! Kazeeka, ana miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani ambayo anaitafuta. Na maswali ni yaleyale. Anakutajia maneno kumi, baada ya muda unamrudishia. Unataja miezi kuanzia Desemba kurudi nyuma. Unasimama mguu mmoja umefumba macho. Nilicheka moyoni. Unakumbuka tulivyokuwa tunajifanya mabwege mbele yake kila mwanzo wa msimu? Wewe uliruka Agosti kwa makusudi, mimi nikayumba kama mlevi na kusahau nusu ya maneno. Ili tukigongwa vichwa uwanjani na kupimwa tena, alama zisiwe chini ya zile za mwanzo, na Jumamosi inayofuata tuwe ndani. Timu nzima ilijua isipokuwa yeye, maskini.

Safari hii akatoa faili langu la zamani, akalinganisha, akanipiga begani. "Hujabadilika hata kidogo," akasema. "Uko vilevile ulivyokuwa kijana." Akagonga muhuri.

Dada yako sijui ana nini. Nilipomweleza aliendelea kukata kitambaa, mkasi haukusimama. Huu ni msimu wa sare za shule na karakana yao imeelemewa, kwa hiyo simlaumu. Hata mimi nimechoka, shemeji, uchovu wa miaka. Lakini mtu aliyechoka akiitwa jina lake anainuka.

Nieleze ulivyokuwa unapanga miguu pale katikati, mahali pa ndoano. Huyu kijana wao wa kati anasimama kama anayesubiri kukatiwa nywele.

Haya, salamu.

Nguzo

*

21 Februari

Shemeji Nguzo,

Barua yako nimeisomea juu ya lifti. Sisemi ndani, nasema juu, kwenye paa lake, ghorofa ya kumi na kitu, mikono imejaa grisi na chini yangu watu wanabonyeza vitufe kama wanapigana navyo. Nimepiga kelele ya furaha, mlinzi akadhani nimeanguka. Hongera sana. Walichelewa kukuita, na walijua walichelewa, ndiyo maana katibu akaja mwenyewe.

Miguu ni hivi. Mwambie kijana wako mguu wa kushoto uwe mbele kidogo, kisigino kisiguse chini, uzito wote uwe kwenye vidole vya mguu huo. Ule wa kulia ni wa kuvutia mpira, usibebe kitu. Na asitazame mpira. Autazame mguu wa anayeuingiza. Mikono yake iwashike nguzo wake wawili, wa kulia na wa kushoto, chini ya kwapa, kwa nguvu, mpaka wachukie. Mwambie aning'inie. Mimi nilikuwa naning'inia kwako, wewe ulikuwa hulalamiki isipokuwa nikila vitunguu.

Sasa nikuulize kitu, na usinipandishie sauti. Zile alama zetu za zamani zilikuwa za uongo. Kama daktari anasema uko vilevile, basi ni mambo mawili: ama safari hii pia ulijifanya, ama hukujifanya. Lipi? Niambie tu ulijifanya, nicheke, nirudi kwenye grisi yangu.

Jambo jingine. Nakujua. Kocha mwenzako atapuliza filimbi na kusimama pembeni. Wewe utavua saa na kuingiza shingo. Shemeji, tafadhali, fundisha kwa mdomo. Mdomo unao.

Msalimie dada na mpwa wangu.

Ndoano

*

9 Machi

Shemeji,

Maswali yako ni ya kipelelezi. Hata mama mkwe hakunihoji hivyo nilipokuja kumposa dada yako.

Nina mambo mazuri ya kukueleza. Jumamosi walinikaribisha mazoezini, kabla ya kambi, nizoeane na vijana. Wana nguzo mmoja, jitu, shingo kama mfuko wa saruji, na hajui kuitumia. Nilimweleza kwa mdomo kama ulivyotaka. Nikamweleza tena. Anaitikia "Sawa, kocha," halafu anainamisha kichwa kama anatafuta sarafu. Basi nikavua saa. Mara moja tu! Nikaingia mahali pangu, upande wa kulia, nikawashika, tukainama, na ule mzigo wote ukanijia begani. Shemeji, miaka yote hii nimebeba maboksi ya vigae na hakuna hata moja lililonielewa. Pale nilieleweka. Nilisikia raha mpaka nikaogopa.

Baadaye nilipumzika kidogo kwenye nyasi. Jua lilikuwa kali. Nilipofumbua macho walikuwa wamenizunguka wote, mmoja ananimwagia maji, nikawafukuza warudi mazoezini. Usimwambie dada yako, atanifungia ndani kama kuku.

Lakini wewe nawe ni mvivu. Nilikuuliza kuhusu miguu ya mtu wa kati na hujanijibu. Yule kijana bado anasimama kama anasubiri kinyozi. Nitumie maelezo haraka, kambi inakaribia.

Nguzo

*

30 Machi

Mdogo wangu,

Ningekupigia simu, lakini nyumba yetu unaijua ilivyo ndogo, na shemeji yako siku hizi anasikia kila kitu isipokuwa anachoambiwa. Tena kwa simu ningelia, ungeniuliza nalia nini, na jibu ni refu.

Simu yake si mbovu. Iko kwenye droo, chini ya nyuzi zangu, imejaa chaji. Mwanga wa kioo unamchoma macho hadi anatapika. Alinikataza nisikwambie. Mapazia tunayafunga mchana, na binti anajisomea kwenye ngazi za jengo kwa sababu sebuleni hakuna mwanga wa kusomea. Ana mitihani mwaka huu.

Mwezi uliopita alitoka dukani kurudi nyumbani, njia aliyopita miaka yote, akapotea. Binti alimkuta amekaa kwenye kizingiti cha duka lililofungwa, mkoba magotini, ametulia. Akamwuliza, "Baba, unafanya nini hapa?" Akajibu, "Nasubiri basi la timu." Binti akacheka, akadhani utani. Halafu akaona baba yake hacheki.

Na hasira, mdogo wangu. Mtu ambaye ulikuwa unaweza kumkanyaga akakuomba radhi yeye. Wiki hii alimfokea binti kwa ajili ya kijiko kilichoanguka, mpaka majirani wakagonga ukuta. Baadaye alikaa bafuni akilia, akaniuliza amefanya nini, kwa sababu hakukumbuka.

Nilikwenda kwa daktari wa timu, peke yangu. Nikamweleza yote. Alinisikiliza vizuri tu, si mtu mbaya. Halafu akafungua faili, akanionyesha. "Mama," akasema, "mumeo ndivyo alivyo. Tangu ujana kumbukumbu yake ilikuwa hafifu, na kusimama kwake ni kwa mashaka. Hajashuka. Labda nyumbani mmechoka." Akaniandikia vidonge vya usingizi. Vyangu mimi.

Nilishindwa kupanda basi. Nilitembea hadi karakana, nikakata sare kumi upande usio wenyewe. Yule mwanamume alikuwa akikumbuka kila kitufe nilichowahi kushona! Alikuwa ananitajia mechi nzima, nani alimpa nani mpira, nikiwa nimelala nusu. Au nilikuwa naota? Karatasi inasema mzima, daktari anasema mzima, yeye anasema mzima. Mgonjwa nitakuwa mimi.

Wewe ulicheza bega kwa bega naye. Alikuwa hivi tangu zamani, nami sikuona? Ukisema ndiyo, nitaamini na nitanyamaza. Kambi inaanza hivi karibuni, na ameapa atakuwa anaingia na vijana kusukumana kila siku. Anasema ndiyo namna pekee ya kufundisha.

Nimechoka. Nimechoka hata kuandika.

Dada yako

*

11 Aprili

Dada,

Wewe si mgonjwa. Naanza na hilo ulisome kabla hujakaa chini.

Hakuwa hivyo. Alikuwa na kichwa kikali kuliko sisi wote. Ishara za timu, zile namba tunazotaja kabla ya kurusha mpira, alizishika zote, pamoja na za mwaka uliopita, na aliyekosea alimtegemea yeye. Zile alama kwenye faili ni za uongo. Tulikuwa tunajiangusha kwa makusudi kila mwanzo wa msimu ili tukiumia vichwa baadaye isijulikane. Mimi pia. Wote. Tulicheka sana kwenye basi, tukamwigiza daktari na miwani yake. Sasa shemeji ameshuka hadi pale tulipokuwa tunajifanya tumo, na daktari anasoma anaona yuko sawa.

Alipoandika mara ya kwanza nilishtuka, nikamwuliza. Hakujibu. Kisha akaniuliza jambo ambalo nilikuwa nimemjibu ukurasa mzima, na akanilaumu kwa uvivu. Nilikaa na barua ile kwa wiki kadhaa nikijiambia labda yangu ilipotea njiani. Lakini utani wa mama mkwe alioanza nao ulikuwa unajibu barua hiyohiyo. Aliisoma, dada. Na Machi aliingia kusukumana akazimia uwanjani. Aliniambia ni jua.

Daktari nimempigia simu jana. Nilimweleza kila kitu. Akauliza, "Wangapi?" Nikamwambia timu nzima. Akauliza miaka mingapi. Nikamwambia yote. Nikasikia anavuta kiti anakaa. Leo nimeongea na katibu pia. Shemeji hataingia kambini.

Najua nimemnyang'anya kitu pekee alichokitaka. Kama kuna njia nyingine ya kumtoa kwenye ule mzigo, mimi sikuiona, na wewe ulikuwa unaelekea kumeza vidonge vya watu.

Mimi nilipimwa huku ughaibuni mwaka jana, kwa ajili ya kazi. Mzima kabisa. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Mtu wa kati anashikiliwa huku na huku. Mzigo wa wapinzani ulikuwa unapita kwa shemeji kwanza ndipo unifikie. Nilikuwa naning'inia tu, dada.

Mdogo wako

*

19 Aprili

Ndoano,

Leo sikuiti shemeji.

Katibu alikuja tena dukani. Safari hii hakucheka. Kambi imeanza bila mimi, wamempa mtu anayefundisha kwa kompyuta, anawaonyesha mishale. Vijana wananipigia, siwezi kupokea.

Ungeniambia mimi. Ungepanda ndege ukanipiga ngumi nikakuelewa. Wewe ukaenda kwa daktari, ukaenda kwa katibu, ukaenda kwa mke wangu, ukanizunguka kama mtu anayeogopa mbwa. Misimu kumi umening'inia kwenye bega langu na sikukudondosha hata siku moja.

Usiniandikie.

Nguzo

*

6 Mei

Mdogo wangu,

Barua zako mbili kwa shemeji yako zimefika. Kazipokea mwenyewe, kaziweka juu ya kabati, hajazifungua. Hajazitupa pia.

Daktari alikuja nyumbani. Alikuja kwa miguu, kashika kofia mkononi kama anayekuja kuomba radhi, na kweli akaniomba. Nilimpa chai. Akaomba mapazia yabaki yamefungwa, akakaa mezani karibu na shemeji yako, akamtajia maneno kumi. Wakazungumza habari za mechi za zamani kidogo. Kisha akamwambia ayarudishe.

Alirudisha matatu.

Akacheka, kile kicheko chake kikubwa. "Daktari," akasema, "nilikuwa najifanya! Kama zamani!" Daktari akanitazama mimi, na nikaona hajui aamini lipi. Mimi pia kwa dakika ile sikujua. Basi yule mzee akavua miwani, akasema taratibu, "Sawa, Nguzo. Tuseme ulijifanya. Sasa jifanye mzima. Nipe yote kumi."

Nilitaka kumzuia. Shemeji yako akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, nikaona mishipa ya shingo imetoka, jasho linamtiririka. Alisukuma, mdogo wangu. Sina neno jingine. Akasema yaleyale matatu. Akasubiri. Akayasema tena. Halafu akaachia meza, akaniuliza kama chai imebaki.

Daktari amempeleka kwa bingwa wa ubongo. Kapewa miwani ya kukinga mwanga, sasa tunafungua pazia moja na binti anasoma ndani. Dukani wamemwachia asubuhi tu, kazi ya kupokea wateja, anawapenda. Na daktari anawaita wenzenu wote mmoja mmoja, na simu nyingine anapokea mke, anaanza kulia kabla hajaambiwa sababu.

Usiku nalala. Nimechoka vilevile, lakini ni uchovu wangu wenyewe, unajulikana umetoka wapi. Asante kwa hilo. Yeye hatakushukuru, usingoje.

Dada yako

*

28 Mei

Shemeji,

Dada yako amenisomea barua zako. Nilimwambia azisome kwa sauti kavu, asikutetee popote. Alijitahidi. Ile ya pili umerudia samahani mpaka binti akaondoka mezani.

Sijakusamehe. Nataka hilo lieleweke. Asubuhi nikifungua duka huwa nafikiria la kukutukania, na nikilipata zuri namwambia binti aliandike, kwa kuwa mchana linaweza kuwa limekwenda. Mengine ni makali, yamemfurahisha. Juzi vijana walikuja kunisalimia, na lile jitu lenye shingo likanikumbatia likalia kama mtoto, nikakutukana tena moyoni. Wangeshinda, wale. Ningewafanya washinde.

Na najua ningekufa nikiwashindisha. Nilijua hata siku ile kwenye nyasi. Haikuwa jua. Lakini mtu akijua kitu haina maana anataka kuambiwa.

Sikiliza sasa. Bingwa wa ubongo ni mwanamke mdogo, mpole, hapendi kuzungukazunguka. Ameniambia kitakachotokea. Vitaondoka vya karibuni kwanza, vya zamani vitabaki hadi mwisho. Nikaenda nikakaa kwenye benchi la nje nikalitafakari hilo, polepole, kama ninavyotafakari kila kitu sasa. Maana yake ni kwamba siku moja nitakuwa nakukumbuka umeng'ang'ania bega langu la kushoto, mvua inanyesha, unanuka vitunguu, tunasukumana na majitu na haturudi nyuma. Na sitakumbuka Aprili hata kidogo. Utatokea mlangoni, nami nitakurukia kwa furaha kama bwege, nitakukaribisha chai, na wewe utasimama hapo umesamehewa na mtu asiyejua amesamehe nini.

Sitaki. Hiyo itakuwa umeponyoka. Nataka nikusamehe mimi mwenyewe, kwa akili zangu, nikiwa najua ulichonifanyia na kwa nini, baada ya kukutukana mpaka nitosheke. Itachukua siku mbili au tatu, kwa hiyo usije na safari ya haraka haraka.

Omba likizo. Lifti zitapanda bila wewe. Njoo nikiwa bado na hasira.

Nguzo